Mabao 9 ya Ndaye yaliandikwa. Ya vijana wa Sange nani anaandika?

Kila Kombe la Afrika likikaribia, swali moja linarudi kwenye redio na kwenye meza za wapenzi wa mpira, toka Kinshasa mpaka Bukavu: nani atafikia mabao 9 ya Ndaye Mulamba? Tangu Machi 1974 hakuna aliyeyafikia. Vincent Aboubakar wa Kamerun alikaribia mwanzoni mwa 2022, akaishia 8. Wazee wanatabasamu, vijana wanauliza Ndaye alikuwa nani, na mazungumzo yanaishia hapo.

Ni vibaya yaishie hapo. Ile 9 inajulikana kwa sababu kulikuwa na watu waliokaa pembeni ya uwanja na kalamu, wakaandika siku ile ile: nani amefunga, dakika gani, mbele ya nani. Bila hao, Ndaye leo angekuwa hadithi tu ya wazee, kama washambuliaji wengi wa Kivu ambao watu wanasema walikuwa hatari sana lakini hakuna anayeweza kusema walifunga mangapi. Na pale Sange, katika bonde la Ruzizi, kuna vijana ambao hivi sasa wanamaliza miaka yao mizuri ya mpira bila bao hata moja kuandikwa popote.

Kwanza hesabu yenyewe, kwa sababu wengi wanaitaja bila kuifungua. Zaire ya kocha Blagoje Vidinić ilicheza mechi 6 nchini Misri na kufunga mabao 14. Ndaye peke yake alifunga 9. Mashindano yote, ekipe 8 na mechi 17, yalitoa mabao 54. Maana yake, katika kila mabao 6 yaliyofungwa Misri mwaka ule, moja lilikuwa la mtu mmoja wa Kananga.

Lakini namba peke yake haisemi mengi mpaka iwekwe kando ya namba za wenzake. Aliyekuwa anashika rekodi kabla yake ni Laurent Pokou wa Côte d'Ivoire. Mwaka 1968 pale Ethiopia, wakati Kongo-Kinshasa ilipochukua kombe lake la kwanza, Pokou ndiye aliyeongoza wafungaji kwa mabao 6. Mwaka 1970 nchini Sudani alifunga 8. Na Côte d'Ivoire ilicheza mechi 5 tu. Gawanya: 8 kwa 5 ni bao 1,6 kwa mechi. Ndaye, 9 kwa 6, ni bao 1,5. Kwa kipimo hicho Pokou yuko mbele.

Kuna jambo jingine ambalo wapenzi wa Ndaye hawapendi kulisikia, lakini ni haki lisemwe. Fainali ya 1974 kati ya Zaire na Zambia iliisha 2-2 baada ya muda wa nyongeza. Leo wangepiga penati, na penati za namna hiyo haziingii katika hesabu ya wafungaji. Wakati ule sheria ilisema mechi irudiwe. Siku mbili baadaye wakarudi uwanjani Kairo, Zaire ikashinda 2-0, na mabao yote mawili yalikuwa ya Ndaye. Ondoa mechi hiyo ya marudio, anabaki na mabao 7, nyuma ya Pokou. Rekodi ambayo Wakongomani wanajivunia kwa zaidi ya miaka 50 imesimama juu ya sheria ambayo haipo tena.

Je, hiyo inapunguza kitu? Angalia mabao yalianguka wapi. Kati ya 8 ya Pokou pale Sudani, 5 aliyafunga katika mechi moja, Côte d'Ivoire ilipoipiga Ethiopia 6-1. Ni kazi kubwa, hakuna mtu wa mpira atakayeidharau. Lakini ekipe yake ilipigwa na Ghana katika nusu fainali, ikapigwa tena na Misri katika mechi ya nafasi ya tatu. Ndaye alifanya kinyume. Katika makundi alifunga 3, mawili kati yake mbele ya Guinea katika ushindi wa 2-1. Mengine 6 aliyaweka kwa mechi tatu za mwisho, mawili kila mechi. Nusu fainali ilikuwa na Misri, nyumbani kwake, na Misri ilikuwa inaongoza 2-0. Zaire ikarudi ikashinda 3-2: mawili ya Ndaye, moja la Kidumu. Fainali, Zambia ilitangulia. Ndaye akasawazisha, halafu akaongeza la pili katika muda wa nyongeza kabla Zambia haijarudisha dakika za mwisho kabisa. Halafu marudio. Kwa maneno mengine, toka nusu fainali mpaka kombe, Zaire ilifunga mabao 7, na 6 yalikuwa yake.

Aboubakar naye apewe haki yake. Mwaka wa 1974 mabao yalikuwa yanapatikana kwa urahisi zaidi: zaidi ya 3 kwa kila mechi. Katika kombe lililochezwa Kamerun mwanzoni mwa 2022, mechi 52 zilitoa mabao 100, yaani hata 2 kwa mechi hayakufika. Mabeki wa leo wamefundishwa kufunga njia, na makipa ni warefu na wamezoea. Kufunga 8 katika ukame wa namna hiyo ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Jambo la kushangaza ni kwamba Kamerun nayo ilifunga mabao 14 kwa jumla, sawasawa na Zaire ya Ndaye. Na Kamerun nayo ilikutana na Misri katika nusu fainali. Lakini siku hiyo haikufunga hata bao moja, ikatoka kwa penati, na mawili ya mwisho ya Aboubakar yakapatikana katika mechi ya kutafuta nafasi ya tatu.

Samuel Eto'o, ambaye mabao yake 18 katika makombe sita ndiyo rekodi ya maisha yote, hakuwahi kupita 5 katika kombe moja. Just Fontaine wa Ufaransa alifunga 13 kwa mechi 6 katika Kombe la Dunia la 1958, na huyo anakaa peke yake. Hakuna haja ya kumburuta katika mabishano haya. Kati ya Waafrika, mwenye kupenda wingi kwa mechi atamchagua Pokou, mwenye kupima ugumu wa wakati anaweza kumtetea Aboubakar, na mwenye kuuliza nani alifunga siku ambayo kombe lilikuwa mezani hana budi kumchagua Ndaye.

Mabishano haya yote, matamu kama yalivyo, yanawezekana kwa sababu kila bao lina tarehe, dakika na jina. Sasa jaribu kufanya mabishano hayo hayo juu ya Ndaye wa AS Vita Club. Mwaka 1973 alikuwa katika ekipe hiyo iliyochukua Kombe la Mabingwa wa Afrika: ilipigwa 4-2 na Asante Kotoko kule Kumasi, ikarudi Kinshasa ikashinda 3-0. Alicheza miaka mingi katika shampiona ya nyumbani. Alifunga mangapi msimu wa 1972? Wa 1975? Nani alikuwa wa pili nyuma yake, na kwa tofauti gani? Mtu anayetaka hesabu hiyo msimu kwa msimu haipati pahali pamoja kama anavyopata ile ya Kombe la Afrika. Anapata sifa, anapata majina ya utani, anapata wazee wanaoapa.

Marekani wana mchezo wao wa besiboli, ambamo mtu mmoja anatupa mpira mdogo na mwingine anajaribu kuupiga kwa fimbo. Mtupaji mmoja aliyeitwa Cy Young alianza kucheza katika ligi kubwa mwaka 1890 na kuacha 1911. Mpaka leo mtoto yeyote kule anaweza kujua kwamba alishinda mechi 511, kwamba anayemfuata, Walter Johnson, ana 417, na msimu gani kila mmoja alikuwa bora kuliko wenzake. Mwaka 1890 hawakuwa na kompyuta wala simu. Walikuwa na magazeti yaliyochapa jedwali dogo la kila mechi, na watu waliotunza magazeti hayo. Mtupaji aliyeanza kabla reli haijafika Kinshasa anajulikana vizuri zaidi, kwa hesabu, kuliko mshambuliaji aliyecheza Kinshasa wakati televisheni ipo tayari.

Wafanyabiashara wa Kadutu wanalijua neno hili tangu zamani: mali bila daftari hupotea bila habari.

Ni kweli pia kwamba karatasi inaweza kusema uongo, na hakuna anayeonyesha hilo kuliko Ndaye mwenyewe. Miezi mitatu baada ya Kairo, Zaire ilikuwa Ujerumani katika Kombe la Dunia. Katika mechi na Yugoslavia, ile ya 9-0, mchezaji mmoja wa Zaire alimpiga mwamuzi teke. Alikuwa Mwepu Ilunga, beki. Mwamuzi, Omar Delgado wa Kolombia, akamtoa Ndaye nje. Kadi nyekundu hiyo iko kwenye kumbukumbu za Kombe la Dunia mpaka leo kwa jina la mtu ambaye hakufanya kosa. Mwaka 1998, katika Kombe la Afrika kule Burkina Faso, uwanja ulisimama dakika moja kimya kumkumbuka Ndaye aliyekufa, ilisemekana, katika mgodi nchini Angola. Ndaye alikuwa hai, mkimbizi Afrika Kusini. Alifariki kweli Januari 2019, Johannesburg, akiwa na miaka 70.

Na kabla ya hapo, mwaka 1994, alialikwa Tunisia kupewa heshima wakati wa Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani, watu wenye silaha walimvamia wakidhani amerudi na pesa. Walimpiga risasi mguuni, na mtoto wake akauawa. Hapo ndipo njia ya ukimbizi ilipoanza. Namba 9 haikumlinda. Mtu anaweza kuuliza basi, kuandika kuna faida gani?

Faida yake inaonekana ukilinganisha na ambao hawana hata namba. Sange iko katika teritwari ya Uvira, kwenye barabara inayotoka Bukavu kushuka Uvira. Jina lake lilijulikana duniani jioni ya tarehe 2 Julai 2010. Ilikuwa siku ya robo fainali za Kombe la Dunia, Uholanzi na Brazili, kisha Ghana na Uruguay. Lori la mafuta lilipinduka katikati ya mtaa, mafuta yakamwagika, moto ukashika. Zaidi ya watu 230 walikufa, na wengi kati yao walikuwa wamejaa ndani ya nyumba ndogo za sinema wakiangalia mpira. Wengi waliungua hata kutotambulika, wakazikwa katika makaburi ya pamoja. Magazeti ya dunia yaliandika namba, siku chache, na namba yenyewe ikawa inabadilika. Kati ya wale vijana walioungua mbele ya televisheni bila shaka walikuwamo waliokuwa wanacheza wenyewe kila Jumapili. Walifunga mabao. Leo hakuna karatasi inayoweza kusema kwamba fulani wa Sange alikuwa mshambuliaji na alifunga 15 msimu ule.

Hali hiyo haijabadilika sana. Mechi kati ya vijana wa Sange na wenzao wa Luvungi au wa Kiliba zinajaza watu pembeni ya uwanja wa vumbi. Kuna mwamuzi, kuna mshangilio, kuna ugomvi. Jioni kila mtu anajua nani amefunga. Baada ya mwezi wanakumbuka nusu. Baada ya mwaka imebaki sifa. Na kijana huyo huyo ambaye mabao yake hayana pahali anaweza kukutajia, bila kukosea, Mbappé alifunga mangapi katika Kombe la Dunia la 2022, na mangapi kati yake katika fainali. Hakuna ubaya kumpenda Mbappé. Ubaya ni kwamba mtoto amejifunza kuwa mabao ya kuhesabiwa ni ya wengine.

Kuhesabiwa kunalisha pia. Fiston Mayele alicheza AS Vita Club, ekipe ile ile ya Ndaye, halafu mwaka 2021 akavuka kwenda Yanga ya Dar es Salaam. Msimu wa 2022-2023 alifunga mabao 17 katika ligi ya Tanzania, sawa na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na mengine 7 katika Kombe la Shirikisho la Afrika, akiwa kinara. Kila bao liliandikwa, likatangazwa, likabishaniwa, likalinganishwa na ya wengine mchana huo huo. Msimu uliofuata alikuwa Misri, Pyramids. Mguu ulikuwa ule ule aliokuwa nao Kinshasa. Kipaji kinamvutia mtu aliyekaa pembeni ya uwanja; mtu aliyekaa Kairo au Casablanca anataka kwanza karatasi.

Wengine watasema: kwa nini kuzungumza habari ya daftari za mpira wakati nchi inawaka? Februari 2025 Bukavu ilichukuliwa na M23, na mwezi wa Desemba vita ikashuka mpaka bonde la Ruzizi. Watu wamekimbia na watoto mgongoni, sembuse kubeba kaye ya mpira. Jibu ni kwamba vita ndiyo sababu hasa. Mkimbizi mwenye miaka 18 anayefika Bujumbura, Nyarugusu au Nakivale bila karatasi yoyote anaanza sifuri. Akisema alikuwa mshambuliaji mzuri wa Sange, wanamwambia kila mtu anasema hivyo.

Wengine watasema kwamba hata ikiandikwa, itaandikwa uongo: umri utapunguzwa, mabao yataongezwa, kila kiongozi atamjazia ndugu yake. Hilo ni la kweli zaidi, na kadi nyekundu ya Ndaye inalitetea. Lakini uongo ulioandikwa unaweza kukamatwa, kwa sababu ekipe iliyofungwa nayo ina kaye yake. Kama Sange inasema ilishinda 4-1 na Luvungi inasema 2-1, kuna kitu cha kuuliza. Pasipo na kaye hata moja, mwongo na mkweli wanalingana.

Kazi yenyewe si kubwa. LIFSKI, ligi ya mpira ya jimbo, na wale wanaosimamia mpira huko chini katika teritwari wanaweza kudai kitu kimoja kwa kila ekipe inayoomba kucheza: kaye moja. Ndani yake kwa kila mechi: tarehe, uwanja, ekipe mbili, majina ya waliocheza na miaka yao, nani alifunga na dakika gani, kadi. Mwamuzi na makapteni wawili wanaweka sahihi kabla watu hawajatawanyika, kwa sababu wakishatawanyika kila mtu anakumbuka kivyake. Mmoja anapiga picha ukurasa huo kwa simu na kuutuma kwa katibu, na katibu anautuma kwa mtu mwingine aliye mji tofauti. Hilo la mwisho lisidharauliwe: nyumba ikiungua au ikiporwa, ukurasa unabaki katika simu ya mtu aliye Uvira, Kalemie au Bujumbura. Redio za pale pale, ambazo tayari zinatangaza mechi za Ulaya kila Jumamosi, zikisoma wafungaji watano wa kwanza wa bonde la Ruzizi kila wiki, dakika mbili tu, mabishano yataanza yenyewe, na penye mabishano hakuna katibu atakayelala.

Haihitaji kusubiri pesa ya mradi wala shampiona rasmi kurudi. Kaye na biki vinauzwa sokoni Sange. Kaye ya kurasa 100 inatosha msimu mzima wa ekipe moja, na kurasa za nyuma zinabaki kwa makipa, ambao hata katika yale makombe yaliyoandikwa vizuri namna hiyo ni watu wachache sana waliokumbuka kuhesabu walichozuia.